Mwezi Nane au Mwezi wa Nane: Kisa cha Familia Moja Kutafuta Mtaa wa Kufikia Mombasa

Katikati ya Julai binamu yangu alinipigia simu kutoka Nairobi akiwa ameshamaliza kuamua. Alikuwa amepata nyumba ya vyumba viwili vya kulala Bamburi, "mita 200 kutoka baharini", shilingi 4,500 kwa usiku. Jiko la gesi lipo, intaneti ipo, na dalali alikuwa ameshapokea arubuni ya shilingi 3,000. Alichonitaka mimi ni kwenda kuiona nyumba kabla hajamaliza kulipa.

Wasafiri walikuwa watano: binamu mwenyewe, mumewe, watoto wao wawili wa miaka tisa na sita, na khalati yangu, yaani mama yake binamu, mwenye miaka 71 na magoti yaliyochoka. Wangekaa usiku nne, likizo ya shule ya Agosti. Watoto hawakuwa wamewahi kuiona bahari. Khalati naye amezaliwa Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale, akaolewa bara angali msichana. Dadake mkubwa, ambaye ndiye mama yangu, yumo bado katika nyumba ile ile waliyozaliwa wote wawili. Walikuwa na miaka sita hawajaonana.

Nimeyatanguliza haya kwa sababu ndiyo yaliyoamua kila kitu. Watu huniuliza mara kwa mara wafikie mtaa gani wakija Mombasa, na jibu ambalo wengi hupewa ni orodha ya sifa: Nyali kumetulia, Bamburi ni rahisi, Mji wa Kale una historia, Mtwapa hawalali. Sifa hizo ni za kweli. Lakini mgeni halali juu ya sifa. Analala mahali, anaamka saa fulani, ana mtu wa kumzuru, ana mzee au mtoto mkononi, na lazima avuke maji ili atoke hapa aende pale. Mtaa unaomfaa mmoja unaweza kumtesa mwingine kwa pesa zile zile.

Kabla ya mtaa palikuwa na jambo zito zaidi, nalo ni mama yangu. Aliposikia kuwa wanatafuta nyumba ya kukodi hakunijibu kwa muda. Kisha akasema, "Dadangu alale nyumba ya kulipia, na kwao kupo?" Kwetu hilo si dogo. Mgeni wa damu akilala kwingine, jirani wataona, na wasiposema watawaza. Lakini nyumba ya Kibokoni ni ya zamani, ya mawe ya matumbawe na boriti. Chini amekodishwa fundi wa cherehani tangu enzi za marehemu baba, sisi tuko juu. Ngazi ni za mbao, nyembamba, zimesimama karibu wima, na pa kushikia ni kamba. Mama mwenyewe siku hizi huzishuka kwa ubavu, hatua moja moja. Mara ya mwisho khalati alipozipanda, kushuka kulimlazimu akalie kila kidato kama mtoto mchanga. Hakutaka tena kuonekana vile, na binamu yangu hakutaka kulisema mbele ya mama. Nikalisema mimi. Mama akanyamaza, halafu akaomba simu.

Alimuuliza binamu swali moja. "Waja mwezi ngapi?"

"Wa nane, khalati."

"Mwezi nane vizuri," mama akasema. "Maji yatajaa saa nne za asubuhi. Watoto wataogelea."

Binamu alikuwa amesema Agosti. Mama alikuwa amesikia siku ya nane ya mwandamo. Babu yetu alikuwa mvuvi, na mama hadi leo akisema mwezi huwa anasema ule ulioko juu. Nilitaka kumsahihisha, nikajizuia, kwa sababu nilitambua kwamba yeye ndiye aliyeuliza swali la maana na sisi wengine tulikuwa tunazungumzia bei.

Kwa asiyekulia pwani, mambo yako hivi. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele, takriban dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huwa ni bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, tofauti ya zaidi ya mita 3. Siku hizo Mombasa maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne asubuhi. Mgeni aliyekuja kuogelea akishuka ufukweni Bamburi saa nne ya bamvua atakuta mchanga mrefu, mwani, vidimbwi na mwamba umejitokeza kule mbele. Ni pazuri kwa kutembea na kuangalia kaa, ila maji ya kuogelea hayapo. Wiki moja baadaye, mwezi saba au nane, huwa ni maji mafu. Hayajai sana wala hayapwi sana, na kujaa kwake huangukia asubuhi iliyokucha vizuri, saa tatu, saa nne, saa tano.

Nimeona familia zikipanda gari moshi kutoka Nairobi, wakafika kwa hamu, na asubuhi zao zote wakazimaliza wakiitazama bahari kwa mbali. Wakirudi bara husema ufukwe wa Mombasa ni mbovu. Ufukwe hauna kosa. Hawakuangalia mwezi, na hakuna tangazo la nyumba litakalowaambia.

Tiketi zilikuwa bado hazijakatwa. Nikaangalia jedwali la maji ya bandari ya Kilindini, nikamwambia binamu asogeze safari ili asubuhi yao ya kwanza ufukweni iwe mwezi sita. Alikubali pasipo kubishana. Tarehe ikapatikana kabla ya mtaa, na sasa naona ndivyo inavyopaswa kuwa.

Nikaenda Bamburi. Nyumba ilikuwa safi, picha hazikudanganya. Mita 200 nazo zilikuwepo, ila zilipita juu ya ukuta wa hoteli. Mwenye miguu hulazimika kurudi barabara kubwa ya Malindi, afuate kando ya magari, kisha aingie kwa njia ya ufukwe wa umma wa Jomo Kenyatta, ule ambao wengi twauita Pirates. Nilihesabu hatua kutoka mlango wa nyumba hadi mchanga: 1,340. Kwangu mimi ni matembezi. Kwa khalati, ni safari ya kwenda na nyingine ya kurudi. Nilifungua bomba la jikoni nikaonja: maji ya kisima, ya chumvi, sabuni haitoi povu. Hilo ni la kawaida upande ule, na halimfukuzi mgeni mradi aambiwe mapema anunue mitungi ya maji matamu ya kunywa na kupikia. Mkabala palikuwa na baa iliyotoa spika nje, na mlinzi alinieleza kwa uaminifu kwamba huzima saa tisa usiku.

Hata hayo yote ningeweza kuyasamehe. Nyumba ile niliikataa kwa sababu ya karatasi.

Nilichukua karatasi nikaandika saa za siku zao nne, si vivutio. Asubuhi, bahari, kwa sababu maji yangekuwa yamejaa. Adhuhuri, chakula na kupumzika. Baada ya alasiri hadi baada ya magharibi, Kibokoni, kila siku, kwa sababu ndicho khalati alichojia. Hapo hapo jibu lilijitokeza. Mtu anayelala Bamburi na kuzuru Kibokoni jioni anarudi kwake kupitia Daraja la Nyali saa moja usiku, na saa hiyo nusu ya mji inarudi kwake vile vile: Kisauni, Bombolulu, Kiembeni, Bamburi, Mtwapa. Daraja hilo lilijengwa 1980 kushika nafasi ya lile la kuelea la 1931, na mpaka leo hakuna daraja jingine la kutoka kisiwani kwenda kaskazini. Khalati angekaa garini magoti yamekunjwa, saa nzima au zaidi, kila usiku.

Ukiugeuza mpango, mambo hubadilika. Lala kisiwani. Asubuhi unapotoka kwenda kuogelea Bamburi, magari yanaingia mjini na wewe unatoka, upande wako ni mweupe. Unarudi adhuhuri, njia bado haijashikana. Jioni uko kisiwani tayari, na kati yako na Kibokoni ni tuktuk ya dakika chache. Bahari ni ile ile, daraja ni lile lile, ila sasa unapishana na foleni badala ya kukaa ndani yake.

Hili ndilo ninalotaka wasomaji walichukue kwa uzito. Mombasa ni kisiwa chenye milango mitatu: Makupa kwenda Changamwe, uwanja wa ndege na stesheni ya Miritini, Nyali kwenda kaskazini, na feri ya Likoni kwenda kusini. Kabla ya kuuliza mtaa gani ni mzuri, hesabu utapita mlango gani, mara ngapi, na saa ngapi. Mtaa ambao ni kilomita 10 kutoka kwa unayemzuru unaweza kuwa karibu asubuhi na mbali jioni.

Shemeji yangu hakuridhika. Yeye moyo wake ulikuwa Diani, na haki yake nilitaka aipate. Kama ingekuwa yeye, mkewe na watoto tu, ningewaambia waende Diani bila kusita. Tangu barabara ya Dongo Kundu ifunguliwe, mtu anayeshuka Miritini anaweza kuelekea pwani ya kusini bila kuingia kisiwani wala kuiona feri. Mchanga wa kule ni mweupe na mpana. Lakini Kibokoni ya kila jioni ingewarudisha kwenye feri. Kivuko kile huvusha zaidi ya watu 300,000 kwa siku. Waendao kwa miguu hawalipi, lakini hungoja wamesimama, hubanana, na maji yakipwa mteremko wa kuingilia chomboni huwa mrefu na mkali. Kijana ataufurahia msongamano ule kama sehemu ya Mombasa. Khalati angehitaji kushikwa kila upande.

Shemeji akaniambia kwa upole, "Mimi nimefanya kazi mwaka mzima nilale nikisikia mawimbi." Sikuwa na jibu la kumshinda, na sikutaka kumshinda. Nilimtumia ile karatasi ya saa, nikamwonyesha kwamba angepata asubuhi tatu za maji yaliyojaa, kila moja yenye muda wa saa tatu au nne hivi na watoto wake, na kwamba akiwa Diani siku hizo hizo angezitumia barabarani akimpeleka na kumrudisha mama mkwe. Akanijibu baada ya siku mbili: sawa, ila usiku apate pa kuiona bahari. Ombi hilo lilisaidia kupata mtaa.

Nyali niliipitia haraka. Ni karibu na daraja, kumetulia, maduka makubwa yapo, na kwa mwenye gari lake ni chaguo zuri. Lakini ufukwe wake umejificha nyuma ya kuta za hoteli na majumba, njia za umma ni chache, na bei ya nyumba nzuri ilizidi 8,000. Mtwapa ni mbali zaidi na tena ni kaunti ya Kilifi. Tudor, ninakokaa, ningependa wawe jirani zangu, ila sikupata nyumba yenye lifti. Vyumba vya wageni ndani ya Mji wa Kale vina roshani na milango ya nakshi inayokufanya usimame kuitazama, na kwa maharusi wawili wenye miguu mizuri sijui pa kuwapeleka palipo bora kuliko hapo. Ngazi zake ni kama zetu.

Ikabaki Kizingo, ncha ya kusini ya kisiwa. Hakuna ufukwe wa kuogelea wa kujivunia, na dalali yeyote anayekwambia Kizingo ni ya kuogelea mkatalie. Kilichopo ni Mama Ngina, ule uwanja wa kando ya bahari uliofanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa upya Oktoba 2019. Kuna mibuyu, upepo, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, madafu, na meli kubwa zinazoingia Kilindini zikipita karibu hata unaona watu juu yake. Shemeji angeiona bahari yake usiku. Khalati angekaa kwenye benchi bila kupanda chochote. Nikapata nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya nne, lifti inafanya kazi, shilingi 6,500.

Tofauti ya bei na Bamburi ilikuwa 2,000 kwa usiku, yaani 8,000 kwa jumla. Binamu alishtuka. Tukahesabu pamoja teksi za kurudi Bamburi usiku mara tatu, na nyingine za alasiri za kuingilia mjini. Sehemu kubwa ya tofauti ikafa hapo hapo. Iliyobaki tukaihesabu kuwa ni bei ya magoti ya khalati, na binamu akasema hiyo anailipa.

Arubuni ya Bamburi haikurudi. Wiki tatu zilikuwa zimebaki, dalali alikuwa na muda wa kutosha kupata mgeni mwingine wa Agosti, na naamini angeweza kurudisha japo nusu. Alisema arubuni ni arubuni. Kisheria labda ana lake la kusema, maana hakuna kilichoandikwa. Ndiyo sababu kwa nyumba ya Kizingo tulikwenda kwa mpangilio mwingine: nikaiona kwanza, nikaonana na msimamizi ana kwa ana, tukaandikiana kwa ujumbe masharti ya kuahirisha, kisha ndipo binamu akatuma pesa. Jina lililotokea kwenye M-Pesa kabla ya kuthibitisha lilikuwa lile lile nililoliona kwenye karatasi zake za leseni. Nyumba za kukodisha wageni kwa siku zinatakiwa ziwe zimesajiliwa na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, na mwenye nyumba aliyesajiliwa hakasiriki ukimwomba akuonyeshe.

Nilidhani nimeuliza kila kitu. Maji: matamu, ya tangi, yanaletwa na bauza mara mbili kwa wiki. Umeme: tokeni ni za mwenye nyumba hadi kiwango fulani, kiyoyozi kikilala wazi mgeni anaongeza mwenyewe. Mlinzi: yupo usiku na mchana. Lifti: nilipanda nayo, nikashuka nayo. Sikuuliza lifti inafanyaje stima zikipotea.

Walifika kwa gari moshi la alasiri, usiku ulikuwa umeshaingia waliposhuka Miritini. Niliwapokea na gari la rafiki. Watoto walilala njiani. Khalati aliteremsha kioo tulipovuka Makupa, akanusa, akasema, "Tumefika," na hakusema kingine mpaka nyumbani.

Asubuhi ya kwanza tulitoka saa moja na nusu. Daraja la Nyali lilikuwa limejaa upande wa kuingia mjini hadi magari yamezima injini, na sisi tukalipita bila kusimama. Saa mbili na robo tulikuwa Pirates. Maji yalikuwa yamejaa hadi karibu na mivinje, yametulia kwa sababu mwamba wa nje huyakata mawimbi, ijapokuwa kusi ilikuwa inavuma na mdogo alitoka mara mbili anatetemeka. Yule mkubwa alisimama maji yakimfika magotini kwa muda mrefu kabla ya kuonja kidole na kuhakikisha kuwa kweli ni chumvi. Shemeji aliogelea hadi alipochoka. Khalati tulimtandikia mkeka kivulini. Siku ya pili maji yalichelewa kujaa, tukachelewa nasi. Siku ya tatu, mwezi nane, yalijaa saa nne hivi, kama mama alivyosema. Binamu alimpigia simu kutoka ufukweni kumwambia.

Alasiri zilikuwa za Kibokoni. Tuktuk ilituacha karibu na Ngomeni, tukaingia vichochoroni taratibu, khalati ameshika mkono wa mjukuu. Mama alikuwa ameshuka ngazi zake saa nzima kabla. Fundi wa cherehani alisogeza meza yake ndani akatoa viti viwili, na kina dada wakakaa barazani. Sitaeleza walivyosalimiana. Nitasema tu kwamba watu waliokuwa wakipita walisimama, wazee wakamwita khalati kwa jina lake la utotoni ambalo wanawe hawakuwa wakilijua, na kila aliyesimama aliondoka akarudi na kitu: viazi karai, mahamri, kikombe cha kahawa tungu. Binamu alikaa kizingitini anasikiliza. Kama wangekuwa wanalala Bamburi, saa kumi na moja tungekuwa tunaangalia saa. Hakuna aliyeangalia.

Jioni ya tatu stima zikapotea Kizingo. Binamu na watoto walikuwa wametangulia nyumbani. Shemeji, khalati na mimi tulikuwa bado Kibokoni, ambako taa zilikuwa zinawaka. Binamu akapiga simu: lifti imesimama, jengo halina jenereta, na pampu nayo haivuti maji. Ghorofa ya nne ni vidato 72, aliwatuma watoto wakavihesabu kwa tochi. Msimamizi alisema stima zinaweza kurudi baada ya saa moja, au asubuhi.

Tulisubiri hadi baada ya isha. Khalati akasema atajaribu kupanda. Shemeji akasema atambeba mgongoni. Mama akasema hapana, kwa sauti ambayo sijaisikia kwake tangu nikiwa mdogo. Kisha akavuka kichochoro, hatua sita, akabisha mlango wa jirani wa mkabala.

Jirani yule ni mjane. Wanawe wako Ghuba. Ana chumba cha chini chenye mlango wake, ambacho huwaweka wageni wa msiba na wa harusi. Hakuuliza ni usiku mmoja au mingapi. Alifagia, akatandika, akafukiza udi kidogo, akaleta birika la maji ya moto. Mama hakupanda kwake usiku ule. Alilala pale na dadake, na fundi alipofungua duka alfajiri aliwasikia bado wanazungumza.

Stima za Kizingo zilirudi saa saba usiku. Khalati hakurudi kule isipokuwa kufunga mizigo.

Nimelirudia jambo hili mara nyingi nikijiuliza nilikosea wapi. Mtaa haukuwa kosa: Kizingo iliwapa asubuhi nyepesi, jioni za karibu na bahari ya usiku kwa shemeji, na wote watano walisema wangeichagua tena. Kosa langu lilikuwa ghorofa. Nilipima mitaa kwa uangalifu, kisha mlango wenyewe nikauamini kwa kubonyeza kitufe. Kwa mwenye mzee, mgonjwa au kiti cha magurudumu, ghorofa ya chini ingetakiwa itangulie kuliko mtaa, na lifti isihesabiwe kabisa kama hakuna jenereta iliyoonekana kwa macho ikiwashwa. Ningemweka khalati Ganjoni, mtaa jirani na Kizingo, ghorofa ya chini, mbali kidogo na upepo wa Mama Ngina, na asingekosa kitu.

La pili linaniuma zaidi. Wiki tatu nilizunguka Bamburi, Nyali, Ganjoni na Kizingo nikitafuta chumba kisicho na ngazi karibu na mama yangu, na chumba kilikuwa hatua sita kutoka mlangoni petu. Sikumuuliza mama kuhusu majirani kwa sababu nilikuwa nimeshauona mjadala wa kufikia nyumbani kuwa umefungwa. Nilifikiri kuna mawili tu, kulala kwetu au kukodi.

Asubuhi ya kuondoka binamu alimpelekea jirani pesa kwenye bahasha. Aliikataa, na ilibidi mama amvute binamu pembeni amweleze kwamba akirudia mara ya pili atakuwa anamtukana. Binamu akaenda Marikiti, akarudi na mchele, sukari, na kitenge alichochaguliwa na fundi, akavipeleka kwa mlango wa nyuma kupitia kwa mtoto. Hivyo vilipokelewa.

Disemba wanataka kuja tena. Nimekwenda kukiangalia chumba cha jirani mchana: kitanda kimoja cha kamba na godoro, feni, dirisha la kichochoroni, choo mlango wa pili, maji ya mtungi, hakuna kidato hata kimoja. Nimempelekea binamu picha, na tarehe zinazoangukia mwezi sita hadi mwezi kumi. Yeye, mumewe na watoto nawatafutia Kizingo, ghorofa isiyozidi ya kwanza, na safari hii nataka jenereta iwashwe nikiwepo.